Studio ya uchoraji nyumbani: namna ya kukipanga chumba kimoja hadi kifae kwa kazi

Studio nyingi za nyumbani huharibikia dukani. Mtu ananunua meza, rafu na stendi, anavijaza chumbani, kisha ndipo anagundua kuwa dirisha liko mgongoni mwake na kivuli cha kichwa chake kinalala juu ya picha. Anza kinyume chake: mwanga kwanza, kisha maji na uchafu, kisha hifadhi. Fanicha ije mwisho.

Vipimo vya hapa vimefuata chumba cha futi 10 kwa 10, yaani karibu mita 3 kwa 3, chenye paa la mabati, sakafu ya saruji na dirisha moja la vyuma. Vyumba vya namna hiyo Kampala vimejaa, kuanzia gereji na chumba cha wageni hadi ule "muzigo" wa kupangisha. (Mswahili mgeni mjini asidhani ni furushi.) Walio Gulu na kaskazini wajiandae zaidi kwa vumbi la kiangazi cha Desemba hadi Februari, na walio Kabale au Fort Portal kwa baridi na unyevu. Mengine ni yale yale.

Hatua ya 1: Kaa na chumba kitupu siku nzima

Toa kila kitu. Chora ramani ya chumba kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 20 za sakafu. Chumba cha mita 3 kitatoka na upande wa sentimita 15, kwa hiyo kinaenea bila shida. Weka alama za mlango na upande unakofungukia, dirisha na urefu wake kutoka sakafuni, soketi, matundu ya hewa, na kila doa la maji ukutani au kwenye dari. Doa la maji lichukulie kuwa litarudi msimu ujao hata kama mwenye nyumba ameapa kuwa bati limezibwa.

Kuanzia saa 2 asubuhi, kila baada ya saa mbili, chora kwa chaki mpaka wa jua linaloingia sakafuni na uandike saa kando yake. Kufika jioni utaujua ukuta usiopigwa na jua hata mara moja. Huo ndio ukuta wa kuhifadhia kazi. Ukuta wa kuchorea ni ule unaopokea mwanga wa dirisha kutoka ubavuni.

Hatua ya 2: Mwanga

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa Ulaya, na vyote vinakuambia utafute dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii humo. Kwao ni kweli. Kampala iko karibu juu kabisa ya mstari wa ikweta, na huku jua linahama. Kuanzia karibu Machi 21 hadi Septemba 23 linapita upande wa kaskazini, na miezi sita inayobaki linapita kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lililokuwa tulivu Januari litakutia jua usoni Juni. Aliyepima chumba chake mwezi mmoja tu akakiita kizuri hajamaliza kupima.

Hata hivyo madirisha ya kaskazini na kusini bado yanashinda ya mashariki na magharibi, kwa sababu jua letu hupita juu sana na paa lililotokeza linaweza kulizuia. Hesabu yake ni hii. Mwishoni mwa Juni, paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta wa kaskazini hutupa kivuli cha karibu sentimita 140 kuteremka ukutani wakati wa adhuhuri halisi. Saa tatu kabla na baada ya hapo kivuli hupungua hadi karibu sentimita 98. Desemba mambo ni hayo hayo kwa ukuta wa kusini. Ikiwa ukingo wa chini wa dirisha lako uko zaidi ya mita moja chini ya paa, jua la asubuhi na la alasiri litaingia kwa chini na utahitaji pazia. Kumbuka pia kuwa adhuhuri ya Kampala haiji saa 6 kamili: saa zetu zinafuata majira ya mashariki zaidi, kwa hiyo jua hufika kileleni kati ya saa 6:30 na saa 7:05 mchana, kutegemea mwezi.

Dirisha la mashariki linawezekana kwa anayechora mchana na jioni, la magharibi kwa mtu wa asubuhi. Ukiwa na dirisha la magharibi tu na unapata nafasi jioni pekee, funga pazia ufanye kazi kwa taa. Kupigana na jua la saa 11 hakuna faida.

Pazia liwe shuka jeupe la pamba, lisilo na nakshi, lililobanwa kwenye waya mbele ya dirisha lote. Litageuza jua kali kuwa mwanga laini. Shuka la rangi ya maziwa litakudanganya kwenye rangi zote za buluu. Angalia pia kioo chenyewe, kwani nyumba nyingi za siku hizi zina vioo vya buluu, kijani au kahawia. Kibadilishe kiwe kioo cheupe, angalau vipande vya juu.

Kisha tazama nje. Ua wa udongo mwekundu hurudisha mwanga wenye wekundu ndani ya chumba, majani hurudisha ukijani, na ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya chungwa hufanya mabaya zaidi. Jaribio ni rahisi: shika karatasi nyeupe mpya mahali picha itakapokaa, kisha itoe nje kivulini chini ya anga wazi. Ikiwa inabadilika rangi, ziba theluthi ya chini ya dirisha kwa karatasi nyeupe. Mwanga unaotoka ardhini utakatika na ule wa anga utabaki.

Ndani, ukuta wa kuchorea upakwe nyeupe au kijivu hafifu isiyong'aa. Ukuta ulio nyuma yako usiwe na kitu kinachong'aa wala rangi kali, kwa sababu utaonekana kama kiooni juu ya kila rangi mbichi ya mafuta.

Taa za usiku zina kanuni tatu. Soma kwenye boksi kipimo cha CRI au Ra, ambacho huonyesha uaminifu wa rangi: kwa uchoraji tafuta 90 kwenda juu. Soma pia namba yenye herufi K, inayoonyesha kama mwanga unaelekea manjano au buluu. Balbu nyingi za dukani ni 6500K, nyeupe yenye ubuluu. Picha uliyoichora chini yake itaonekana ya manjano kupita kiasi sebuleni kwa mteja. Chukua kati ya 4000K na 5000K. Mwisho ni mahali pa kuiweka. Katikati ya picha ikiwa mita 1.4 kutoka sakafuni na taa mita 2.4, isogeze taa mita 1 mbele ya ukuta. Mwanga utashuka kwa nyuzi 45 na mng'ao utakwenda sakafuni badala ya machoni. Weka taa mbili, moja kila upande, karibu sentimita 60 kutoka katikati, ili moja ifute kivuli cha mkono ambacho nyingine imekitengeneza. Kila moja iwe na lumeni 1000 hivi. Zote mbili ziwe za aina moja, zimenunuliwa siku moja.

Hatua ya 3: Gawa sakafu kabla ya kugawa ukuta

Chora kwa chaki sehemu tatu: ya maji, ya kazi kavu na ya hifadhi. Sehemu ya maji iwe karibu na mlango, kwa kuwa ndoo chafu itapita hapo kila siku na hutaki ipite juu ya karatasi. Hifadhi iende kwenye ule ukuta usioguswa na jua. Katikati hubaki wewe na picha.

Njia ya kupita iwe sentimita 75. Chini ya hapo utaanza kupangusa rangi kwa viwiko. Mbele ya stendi acha mita 2 za kurudi nyuma. Katika chumba cha mita 3 hilo huwa gumu meza ikishaingia, na dawa yake ni kioo: tundika kioo cha kawaida kwenye ukuta unaoelekeana na picha. Ukigeuka kuitazama picha kiooni, umbali ni kama umeongezeka maradufu, na kwa kuwa picha imegeuzwa kushoto kulia, makosa ya mchoro yanajitokeza yenyewe. Siku usiyochora kifunike, kisirushe mwanga ovyo.

Usichore katika chumba chenye sigiri. Moto na mvuke wa thina havikai pamoja, na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua.

Hatua ya 4: Samani kutoka plaiwudi moja

Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 (sentimita 244 kwa 122), unene wa milimita 18, inatosha kwa mahitaji makubwa ya chumba hiki. Waambie wakukatie hapo hapo unaponunua. Ndeeba, mtaa wa wauza mbao Kampala, mashine za kukatia ziko karibu na mbao, na pikipiki haiwezi kubeba shiti nzima. Mkato uwe wa kukatiza upana: kipande cha sentimita 80 kwa ajili ya meza, viwili vya sentimita 60 kwa ajili ya rafu ya picha, na kinachobaki, karibu sentimita 43 baada ya msumeno kula chake, ni ubao wa rafu ya rangi. Vyote vina urefu wa sentimita 122.

Meza ya kukaa iwe na kimo cha sentimita 75. Ya kusimama ipime kwa kiwiko: simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, toa sentimita 5 hadi 10. Paka uso wa meza vanishi mara mbili, pande zote nne na chini pia. Plaiwudi iliyopakwa upande mmoja tu hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kupinda.

Badala ya stendi ya miguu mitatu inayokula sakafu, jenga ya ukutani. Chukua mbao mbili za inchi 2 kwa 2 zenye urefu wa sentimita 210. Toboa kila moja matundu 13, kuanzia sentimita 50 kutoka chini hadi 170, moja kila baada ya sentimita 10. Zibane ukutani wima, zikiachana sentimita 60, lakini sehemu ya juu itanguliziwe kipande cha mbao cha sentimita 10 ili picha iiname mbele kidogo. Mwinamo huo unaondoa mng'ao na vumbi halitui juu ya rangi mbichi. Pini mbili za nondo ya milimita 10, urefu wa sentimita 12, zinaingia kwenye matundu na kubeba ubao wa sentimita 90 ambao picha inakalia. Juu, kamba au kibanio huzuia picha isidondoke mbele. Matundu yatoboe kwa milimita 12. Nondo ina mikunjo, na katika tundu la 10 haitaingia. Mwenye nyumba akikataa kutobolewa ukuta, unganisha mbao hizo kwa vipande viwili vya kukatiza na uzifunge kwenye nondo za dirisha.

Neno moja kuhusu mbao. Nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, hasa paini na mkaratusi, na fremu ya mbao mbichi itajipinda kama ulimi baada ya kanvasi kuvutwa. Ubao ukiushika kwa ncha moja na kuutazama kwa jicho moja kama mwenye kulenga, mpindo wote unaonekana. Ukinunua mbichi, zipange kivulini juu ya vijiti, zisigusane wala kugusa sakafu, wiki tatu hadi nne. Anayekwambia zimekauka kwa sababu zimeshinda juani jana hajui anachouza.

Hatua ya 5: Maji bila bomba

Vyumba vingi havina sinki, na kwa kweli si lazima. Jerikeni la lita 20 lenye koki, limewekwa juu ya stuli ya sentimita 65, beseni chini yake na ndoo ya maji machafu pembeni vinatosha. Koki iangalie beseni, si njia.

Kuosha brashi tumia mikebe mitatu. Wa kwanza ni wa kutoa rangi nyingi, wa pili wa kusuuza, wa tatu ni wa nyeupe na manjano tu. Maji ya mkebe wa kwanza yakichafuka, yamwage kwenye ndoo. Ule wa pili sasa unakuwa wa kwanza. Kwa mpango huu lita 5 zinakutosha siku nzima.

Maji ya rangi ya akriliki usiyamwage chooni wala mferejini. Rangi hiyo ni plastiki, na ikikaukia bombani inabaki humo. Acha ndoo itulie siku moja au mbili, mashapo yakae chini, chota maji ya juu uyamwage mbali na mboga na kisima. Tope lililobaki litandaze juu ya magazeti juani, likikauka lichanwe litupwe na takataka. Plasta ya kufinyangia ndiyo mbaya zaidi. Hugandia ndani ya maji yale yale, kwa hiyo chombo chake kioshewe kwenye ndoo siku zote.

Brashi isilale ndani ya mkebe wa maji hata kwa saa moja. Nywele hupinda, na maji yakipanda ndani ya shingo ya bati mti huvimba, rangi yake hupasuka na kichwa kinaanza kucheza. Ioshe kwa sabuni ya mche kiganjani mpaka povu liwe jeupe, irudishe umbo kwa vidole, uilaze chali. Ikishakauka ndipo isimame mkebeni, nywele juu.

Hatua ya 6: Hifadhi, au vita na unyevu

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hufa polepole. Tuna mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Kuvu hupenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi, na katika misimu hiyo chumba kilichofungwa hupita kiwango hicho bila shida. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, ukitundike nyuma ya picha na si katikati ya chumba, kwa sababu hewa iliyosimama nyuma ya picha ndiyo inayooza.

Rafu ya picha itengenezwe hivi. Bao mbili za 122 kwa 60 ndizo sakafu na dari yake. Zinatenganishwa kwa mihimili minne ya inchi 2 kwa 2 kwenye pembe, urefu unaolingana na picha zako kubwa pamoja na sentimita 5. Kati ya juu na chini pitisha vijiti au nondo nyembamba kila baada ya sentimita 12, mstari mmoja mbele na mmoja nyuma, upate vyumba kumi vya kusimamishia picha wima. Chumba kimoja kisibebe zaidi ya picha tatu. Ziwekwe uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, ili msumari au kona ya fremu moja isichome kanvasi ya nyingine. Rafu nzima iinuliwe kwa matofali sentimita 15 kutoka sakafuni na iachane na ukuta sentimita 10. Nafasi hiyo ni ya hewa, ya ufagio, na ya macho: mchwa hujenga vichuguu vyao vya udongo juu ya ukuta na matofali, na ukiweza kuviona utavibomoa mapema. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua usiegemeze chochote.

Madirisha yafungue kuanzia saa 6 hadi saa 10, hewa inapokuwa kavu kuliko nyakati nyingine za siku, kisha yafunge kabla ya jua kuzama. Wengi hufanya kinyume: hufungua asubuhi na mapema ili "hewa safi iingie", nayo inaingia na umande wake. Matundu ya hewa ya juu yasizibwe. Yawekee wavu wa mbu.

Karatasi zikae bapa. Zikisimama, hata ndani ya folda, hujikunja kwa uzito wao. Droo ya A1 inahitaji ndani sentimita 62 kwa 87, kina cha sentimita 5 kinatosha. Kina zaidi ni mwaliko wa kurundika. Asiye na droo atumie vipande viwili vya hadibodi vilivyofungwa kwa utepe, vilazwe juu ya rafu ya picha. Kati ya karatasi na karatasi weka karatasi nyeupe laini. Gazeti usiweke: lina tindikali inayogeuza karatasi jirani kuwa ya manjano, na wino wake huhama. Mabaki meupe kutoka kwa wachapaji wa barabara ya Nasser hufaa kwa michoro ya majaribio na kwa kujaribia rangi, lakini si kwa kutenganisha kazi ya kudumu, kwa kuwa hujui yametengenezwa kwa nini.

Makaa na pasteli hufutika kwa kuguswa tu, kwa hiyo zitenganishe kwa fremu za hadibodi zinazoacha hewa juu ya uso wa mchoro.

Olubugo linataka sura yake. Kitambaa hiki cha gome la mutuba, ambacho ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, ni nyuzi za mmea tu: kikikunjwa, mkunjo hubaki na baadaye hukatika hapo hapo. Kiviringe. Omba kwa wauza vitambaa wa Kikuubo ile mirija ya karatasi ngumu inayobaki baada ya jora kuisha, au tumia bomba la plastiki la inchi 4. Viringa kwa ulegevu, funika kwa shuka la pamba, na fungua kila mwezi mmoja au miwili kutafuta wadudu. Kaveera (mfuko wa plastiki) usitumie, si kwa olubugo wala kwa kanvasi, kwa sababu hufungia unyevu ndani na baada ya mvua moja utakuta madoa ya kijivu. Kanvasi ikilazimika kuviringwa, upande wa rangi uwe nje. Ukiwa ndani, rangi hujibana na kupasuka siku inapofunguliwa.

Vile vipakiti vya silika ya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vimekwisha kushiba maji siku nyingi. Usivitegemee. Kuvu likitokea, toa picha nje kivulini, vaa barakoa, ipanguse kwa brashi laini kavu kuelekea mbali na uso wako, na uiache penye upepo siku nzima. Kitambaa cha maji husambaza kuvu badala ya kulitoa.

Hatua ya 7: Rangi na vifaa vidogo

Panga kwa kazi: kila kinachohitajika pamoja kikae pamoja. Rangi za mafuta na mafuta yake rafu moja, akriliki na maji yake nyingine, vifaa vya kuvutia kanvasi (koleo, nyundo, stepla, pini) kwenye sanduku moja lenye mpini. Kuzipanga rangi kwa mfuatano wa upinde wa mvua hupendeza kwenye picha za simu na hakusaidii kitu saa unapotafuta nyeupe.

Tyubu zitundikwe kichwa chini kwa vibanio vya karatasi kwenye misumari. Rangi hushuka mdomoni na hewa hubaki mkiani. Makopo yaandikwe tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu isiyofutika. Rafu ya juu kabisa chini ya bati ni joto mno kwa akriliki, hivyo weka huko visivyojali, kama fremu tupu. Dari ya mikeka ya mafunjo hupunguza joto hilo, na kelele ya mvua pia.

Akriliki hukauka palepale mchana wa jua. Paleti ya unyevu hutengenezwa kwa kopo bapa la chakula lenye kifuniko: sifongo nyembamba au taulo iliyolowa chini, karatasi ya kuokea juu yake, rangi juu ya karatasi. Ikifunikwa, rangi hudumu siku kadhaa. Ikianza kunuka, osha kila kitu uanze upya.

Hatua ya 8: Vitu vinavyowaka na vinavyodhuru

Tambara lililolowa mafuta ya linsidi linaweza kuwaka bila kibiriti. Mafuta hayo hayakauki kwa kutoa maji. Hukauka kwa kunyonya oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Tambara likiwa limetandazwa, joto hutawanyika. Likiwa limefinyangwa na wenzake kwenye ndoo ya taka, joto hukusanyika mpaka moto unatokea, mara nyingi saa kadhaa baadaye watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo: anika kila tambara peke yake nje, mbali na kitu kinachoshika moto, hadi ligumu, au liweke kwenye debe la bati lenye maji na kifuniko. Fulana kuukuu za pamba za soko la Owino ndizo tambara bora, na kwa sababu ni rahisi hakuna haja ya kurundika.

Tapentaini na thina visikae kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Viache kwenye makopo yake, chini na si juu ya rafu, ndani ya kabati lenye kufuli. Akinywa mtu, usimtapishe, kwani kinachotapikwa huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali na kopo lenyewe. Thina chafu iachwe itulie kwenye chupa ya kioo yenye lebo, ya juu imiminwe na kutumika tena.

Vumbi la makaa na pasteli lifutwe kwa tambara bichi. Ukilifagia unalipandisha hewani ulivute.

Hatua ya 9: Umeme na siku ukikatika

Waya mmoja wa kurefushia umeme uliobanwa ukutani kwa kimo cha meza, mbali na sehemu ya maji, hushinda tatu zinazotambaa sakafuni. Pasi, kikausha nywele na birika visitumie waya huo kwa pamoja.

Kwa siku za giza, hesabu ni fupi. Taa mbili za wati 10 kwa saa 5 hula watisaa 100. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20 ina takriban watisaa 240, kwa hiyo inakupa jioni mbili. Ya risasi yenye namba hizo hizo itumie nusu tu, la sivyo itakufa mapema. Paneli ya wati 50 huirudishia kiasi hicho cha siku moja kwa jua la kawaida la Kampala.

Hatua ya 10: Daftari

Kila kazi ipewe namba yenye mwaka na mfuatano, mfano 2025-014, iandikwe kwa penseli nyuma ya fremu au pembeni mwa karatasi. Usiiandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kanvasi, kwa maana huweza kupenya hadi mbele. Daftarini andika namba, vipimo, vifaa, tarehe, chumba cha rafu ilipo, na ikitoka, imekwenda kwa nani. Piga picha kazi kivulini barazani, siku ya mawingu mepesi, kabla ya kuipaka vanishi. Vanishi yenyewe ipakwe siku kavu kati ya saa 4 na saa 8, sakafu ikiwa imepigwa deki na kukauka kwanza ili vumbi lisiinuke. Ikipakwa mvua ikinyesha, huweza kutoka na ukungu mweupe.

Kila Jumamosi, nusu saa: mwaga mashapo, soma kipima unyevu, tazama nyuma ya rafu kwa tochi, rudisha kila kitu kwenye alama yake. Machi na Septemba zinapokaribia, rudia ile kazi ya chaki sakafuni, kwa sababu jua linavuka upande wa pili, na huenda pazia likalazimika kuhama.